Santuri Ndani ya Robota

Mimi Albina sina ugomvi na wale vijana wanne wa Kimarekani waliorekodi nyimbo mbili miaka ya hamsini kisha wakasambaratika. Ugomvi wangu ni na Wangari, Mkenya wa chumba cha jirani, anayejua kuziimba.

Mume wangu Nikodemu aliipata santuri yao kwa muuza vitu vikuukuu hapa Guangzhou. Anasema duniani zimebaki chache mno. Sawa, zibaki. Lakini kila jioni akiiweka tu kwenye gramafoni, huyo Wangari kabisha hodi. Nikodemu anashika sauti ya chini, kijana wa mbele, yule anayewaongoza wenzake kwenye santuri, analilia mapenzi, na Wangari anapanda juu kule, macho kayafumba. Nikijaribu kuitikia, mume wangu ananigusa bega: "Mama Agape, wewe sikiliza tu." Wivu ukanijaa.

Ukaja msimu wa unyevu, kuta zikatoka jasho, jalada la santuri likaota ukungu. Nikodemu akaamua itangulie nyumbani Iringa. Kuirekodi kwenye simu hataki, eti utamu unapotea.

"Iweke katikati ya magauni yako ya biashara," akaniambia. "Nguo ni laini, haitavunjika."

Yeye anauza simu, hajawahi kusimama Shahe, kwenye soko la nguo za jumla, mizigo ikifungwa. Hajui kwamba robota huingizwa kwenye mashine, chuma kikashuka, na lundo la magauni likabaki kimo cha stuli. Mimi najua.

"Sawa, Baba Agape," nikamjibu.

Kule Shahe niliilaza katikati kwa mikono yangu. Laoban, yule bosi wa mashine, akaniuliza kama kuna kitu cha kuvunjika. Nikatikisa kichwa. Chuma kikashuka, ndani kukalia kah, nami nikapumua kama niliyevua kiatu kinachobana.

Nikanunua samaki mzima, nikarudi nikijua jioni hii mume ni wangu. Kufika mlangoni, nasikia wimbo uleule. Nikahisi nimerogwa.

Kumbe ni wao. Wamekaa kwenye kochi, gramafoni imezimwa, Nikodemu sauti ya chini, Wangari ya juu, na nafasi ya yule wa mbele wanaijaza kwa zamu huku wakitazamana. Zamani Nikodemu alikuwa akiitazama santuri, Wangari kafumba macho.

"Afadhali imeondoka," Nikodemu akasema bila kunigeukia. "Sasa tunasikiana vizuri zaidi."

Nikaingia jikoni na samaki wangu. Wakaanza tena toka mwanzo.