Saa Inayokunywa Maji

Saa mbili na nusu asubuhi mzamiaji alimkuta shemeji yake, yule fundi saa ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sekunde, akitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya kazi. Hakuketi. Alivua saa mkononi akaiweka pale.

"Shemeji, nisaidie chapuchapu. Nimeitia ufunguo, sasa kitufe hakitaki kufunga."

Ilikuwa saa ya kuzamia, kongwe kuliko ndoa zao zote mbili. Mume wa Mama Sekunde aliivaa miaka ishirini, na alipougua ugonjwa uliomchukua akamwachia mdogo wake, huyu mzamiaji. Kitufe cha pembeni, kile cha kutilia ufunguo, kilifungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Kikikaa sawasawa, maji hayapiti. Kikikaa upande, saa inakunywa.

"Umekilazimisha?"

"Kidogo tu."

"Kidogo chako nakijua. Si wewe uliyekaza bomba la jikoni kwangu likabaki mkononi?"

Mzamiaji alicheka. Mama Sekunde hakucheka. Aliishika saa kwa mkono wa kushoto.

"Tazama vidole, usitazame mdomo wangu. Unakibonyeza taratibu, kimenyooka. Halafu unakizungusha kinyume kwanza, kama unafungua, mpaka usikie kimedondoka mahali pake. Hapo ndipo unafunga. Kikigoma, anza upya. Kikifika mwisho, kiache. Usikikaze."

Kitufe kilishika. Ila nusu mzunguko wa mwisho ulipita bila uzito wowote chini ya kidole chake, na hilo halikumpendeza.

"Iache hapa, niifungue niitazame ndani."

Simu ya mzamiaji ikaita. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa tangi kuu la maji, mitaa minne kutoka pale. Wavu wa chini, mdomoni mwa bomba la kunyonya maji, ulikuwa umeziba, na ulitakiwa uwe safi kabla ya saa nne kamili, pampu zitakapowaka.

"Lakini kimefunga, sivyo?" mzamiaji aliuliza, mkono keshaunyoosha.

"Kimefunga," Mama Sekunde alisema, na neno lilipomtoka alitamani kulirudisha.

Mzamiaji akaivaa akaondoka. Mteja wa betri akaingia, kisha mwingine wa mkanda. Walipoondoka ndipo alipokikunja kile kitambaa akaona kitu kinang'aa. Aliweka lenzi jichoni. Vilikuwa vinyweleo vya chuma, vimejikunja, vyembamba kama nywele za kope. Yalikuwa meno ya kitufe. Yalikwisha kuliwa yote. Kilichokuwa kimekishikilia kitufe kilikuwa bahati tu.

Alipiga simu. Haikupatikana. Alitoka bila kuzima taa.

Chumba cha tangi kilikuwa cha zege, kina baridi, na maji yake meusi hayakuonyesha hata kivuli cha mtu. Kamba ilishuka ndani. Msimamizi aliketi kando yake, macho kwenye saa ya ukutani: saa nne kasoro dakika saba.

"Mtoe," Mama Sekunde alisema akihema.

"Ana saa yake, mama. Anajua wakati wa kutoka."

"Saa yake inakunywa maji. Zima hizo pampu."

Msimamizi alisimama polepole. "Zinawashwa kutoka ofisi kuu. Mpaka nimpate wa kumwambia, zimeshawaka."

Alivuta kamba mara tatu. Kamba haikujibu. Alivuta tena. Mapovu yalipanda mahali pamoja, yakakoma, yakapanda tena. Mama Sekunde aliishika kamba naye, ikamlowesha hadi viwiko. Kasoro nne. Kasoro tatu. Kisha kamba ikatikisika, mara moja, wakavuta wote wawili.

Mzamiaji alitoka akiwa na hasira. "Mbona mapema? Nina dakika ishirini na tano nzima."

Alinyoosha mkono awaonyeshe. Kioo kilikuwa kimejaa ukungu, na nyuma yake mishale ilisimama saa nne kasoro dakika ishirini na tano.

Sakafu ilianza kutetemeka. Gunia la uchafu alilokuwa ameliacha likielea liligeuka mara moja, likazama wima, na halikurudi juu. Mzamiaji aliketi chini palepale.

Mama Sekunde alimvua saa. Kitufe kilitoka kizima kwa ncha ya ukucha.

"Nilikikaza mimi," mzamiaji alisema.

"Na mimi ndiye niliyekuambia kimefunga."

Aliitengeneza kwa wiki tatu. Alitia kitufe kipya, mpira mpya, akailaza ndani ya bilauri ya maji siku nzima, na haikuingiza hata tone. Mwezi ulipokwisha, shemeji yake akaja kuichukua. Alisema kazi ya maji ameacha, ataivaa nchi kavu tu. Nywele zake zilikuwa bado zinachuruzika maji shingoni.

Mama Sekunde aliifunga saa ndani ya droo, akamwambia haijawa tayari.