Soksi Kavu za Kapteni Lanning

Kila Ijumaa, kabla ya kuwasha jiko la mafuta, Bernadine Hruska alipiga pasi kitambaa cheupe na kukitandika kwenye meza ndogo karibu na mlango wa ukumbi wa maveterani wa Alder Lake, Wisconsin. Juu yake aliweka waridi, kipande cha limau kwa ajili ya uchungu, chumvi kidogo kwa ajili ya machozi, na glasi iliyofudikizwa. Kiti kilikuwa kimoja, na hakikaliwi. Kilikuwa cha askari ambaye hakurudi wala hakuzikwa, na katika mji ule askari wa namna hiyo alikuwa mmoja tu: Eldon, kaka yake Bernadine, aliyepotelea msituni Ujerumani majira ya baridi ya mwaka 1944. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo dunia ilivyo. Bernadine aliipigania meza ile kwenye kamati mpaka wakamchoka, ili lake Eldon liwepo. Kisha alirudi jikoni kukaanga samaki wa mji mzima.

Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, mwaka 1983, Royce Lanning aliingia akakikalia. Royce alikuwa nyota wa sinema, mzaliwa wa mji huo, na alikuwa amefariki California mwezi uliotangulia; hata gazeti la wafugaji liliandika. Alivaa magwanda ya ukapteni yaliyonyooka kwa pasi, na nywele zake zimelala vilevile zilivyolala kwenye mabango. Aliona kiti kitupu, akakaa, akaigeuza glasi na kuomba bia. Watu walipanga foleni na leso zao za karatasi awatilie saini. Vern Tollefson, mwenyekiti wa ukumbi, alimpelekea sahani kwa mkono wake mwenyewe, heshima ambayo mkewe hajaionja hadi leo.

Jioni hiyo hiyo mlango wa nyuma wa jikoni uligongwa. Bernadine alifungua akamkuta Eldon kwenye ngazi, bado ana miaka kumi na tisa, viatu vimerowa chapachapa.

"Mdogo wangu," alisema, ingawa Bernadine sasa alikuwa bibi mwenye wajukuu na goti bovu, "kuna mtu kwenye kiti changu."

"Nimemwona. Kula kwanza, samaki wanapoa."

Furaha ilimjaa Bernadine, na hasira ikaja kuketi kando yake. Alimkalisha kaka yake nje ya mlango, juu ya kreti ya maziwa, akamletea taulo na soksi za sufi alizozifuma mwenyewe. Kila soksi aliyomvisha ililowa kabla haijafika kisiginoni.

Ijumaa iliyofuata alimwendea Vern, mwiko mkononi.

"Vern, mwambie yule ahame. Kiti kina mwenyewe."

"Bernie, yule ni shujaa."

"Shujaa wa wapi? Vita vyote alikuwa Hollywood anaigiza kapteni anayefundisha askari kubadilisha soksi zilizolowa!"

Vern alivua kiatu palepale, kati ya sahani. "Hesabu vidole."

"Sitaki."

"Vitano. Na mguu wa pili vitano. Niliitazama sinema ile kambini, nikafanya alivyosema. Waliosinzia ikiendelea, vidole vyao viliozea kwenye soksi mbichi, leo wanatembelea visigino. Haya, niambie nani aliniokoa?"

"Vaa kiatu, Vern. Watu wanakula."

Vidole kweli vilikuwa vimetimia, na hilo lilimuuma Bernadine.

"Na Eldon akae wapi?"

"Eldon hana shida, bwana. Nimemwona pale nyuma anakula vizuri tu. Hajawahi kulalamika yule."

Basi Bernadine akamwendea nyota mwenyewe. "Kapteni, hicho ni kiti cha kaka yangu."

Royce alisimama mara moja, uso umemwiva. "Samahani, mama. Nilidhani ni cha yeyote."

Bernadine akamwingiza Eldon kwa mkono, akamkalisha. Hata samaki wake hawajafika, Bi Ardis Pohl, mmoja wa wale wa foleni ya saini, akamgusa bega, kamera shingoni. "Samahani, mwanangu, hapo pana mtu." Eldon alilelewa vizuri. Aliinuka, akaomba radhi, akarudi kwenye kreti yake.

Royce alimfuata nyuma, akaketi kwenye ngazi.

"Ile sinema yangu uliiona?"

"Niliiona. Ulipoinusa ile soksi nilicheka nikaanguka."

"Sasa mbona hukubadilisha?"

"Ulisema tuvae kavu, Kapteni. Kavu hazikuletwa."

Royce aliinama. Alilegeza kamba za viatu, akavua soksi zake ambazo hazijawahi kukutana na matope, akampa. Eldon akazivaa. Hazikulowa.

"Mdogo wangu," aliita, "njoo uguse."

Bernadine alipiga magoti, goti bovu na zima, akaishika miguu ya kaka yake. Ilikuwa mikavu, na ilianza kupata joto. Alilia bila kujificha, unga wa kukaangia samaki ukimganda mashavuni.

Ndani walikuwa wanampigia Kapteni makofi arudi. Royce akavaa soksi zilizolowa alizovua Eldon, kwa kuwa afisa hatembei pekupeku, akabeba viatu vyake mkononi na kuingia. Kutoka jikoni hadi kwenye meza ndogo aliacha nyayo za maji na matope meusi yenye sindano za misonobari. Vern aliinama, akayachota kwa kidole, akayanusa.

"Matope ya kule Ujerumani," alisema. "Nimelala ndani yake, nayajua. Nani alisema huyu hakufika vitani?"

"Soksi si zangu," alisema Royce.

Ukumbi ulicheka kwa mapenzi. Mashujaa ndivyo walivyo, hawapendi kujisifu. Wakanyoosha mikono papo hapo, na ukumbi ukapewa jina la Royce Lanning. Wakamsukuma kitini, naye akakaa kama mtu aliyekalia msumari.

Bernadine alikuja na ndoo na dekio.

"Acha, Bernie!" Vern alimzuia. "Usifute. Hiyo ni historia."

Bernadine aliitazama ile njia ya nyayo, kisha akarudisha ndoo jikoni. Nje, Eldon alikuwa amemaliza sahani yake na anachezesha vidole ndani ya soksi.

"Wanashangilia nini?" aliuliza.

"Miguu yako," alisema Bernadine, akamwongezea samaki.