Siku Ambayo Babu Hakuja

Udongo mweupe ulikuwa bado haujakauka usoni mwa mama aliponiuliza swali lake la miaka kumi na mmoja: "Haya, Babu kasemaje?"

Kwetu Wasakalava, kiti, yaani mtu anayepandwa na mzimu, hakijui yanayosemwa na mzimu uliokipanda. Mfalme wa zamani hupanda, hunywa ramu yake, hutoa amri zake, hushuka. Kiti huzinduka hakikumbuki kitu, na mshika bakora hukisimulia yote, neno kwa neno. Kiti cha mfalme tunayemwita Babu ni mama, na mshika bakora wake ni mimi. Sijawahi kupunguza wala kuongeza. Hata Babu aliponikataza kwenda Mahajanga kusomea ukunga, nilimsimulia mama huku nalia, naye akalia pamoja nami. "Maskini mwanangu," alisema, "ningekuwa na uwezo!"

Ijumaa hiyo asubuhi Babu alikuwa amemzungumzia Naivo.

Naivo ni fundi wa mashine ya kukobolea mpunga hapa Marovoay, mtu wa nyanda za juu, mpole kupita kiasi. Jumatatu iliyofuata alikuwa anahamia Antsirabe, na alitaka anioe twende pamoja. Jumapili iliyotangulia alikuja kula kwetu. Mama alimpakulia wali mara tatu, akamtania: "Kula, baba! Huko kwenu kwenye baridi mnakula nini, ukungu?" Naivo alicheka mpaka akapaliwa. Alipoondoka, mama alinifinya shavu.

"Ana adabu huyu. Mimi sina neno. Tumsikie Babu tu."

Babu tukamsikia. Aliishika bakora kwa mikono miwili, akanguruma kwa sauti yake ya mzee mwenye pumu: "Nanusa mtu wa juu nyumbani mwangu! Babu zake ndio waliolichoma boma langu! Binti huyu hatoki hapa. Atanishikia bakora mpaka kiti changu kife."

Kisha akashuka, na sasa mama alikuwa akiningoja nimweleze. Nikisema kweli, mambo yangu yamekwisha. Niliitazama sahani ya tambiko, yenye maji na sarafu ya fedha, nikawaomba wafalme wote radhi kimoyomoyo, nikadanganya.

"Babu kakubali. Kasema niende na Naivo, kanipa na baraka."

Mama alikuwa akijifuta uso. Mkono wake ukaganda.

"Hakusema hivyo."

Neno lilimtoka upesi, kama mtu anayemsahihisha mtoto hesabu. Nje wagonjwa waliokuja kutibiwa na Babu walikuwa wakigombania kivuli cha ukuta, na mmoja alikuwa akikohoa.

"Nani kakwambia, mama?"

Nusu ya uso wake ilikuwa nyeupe bado. Alikikunja kitambaa chake, akakikunjua, akakikunja tena.

Sisemi Babu ni uongo. Nimemsikia kwa masikio yangu akimtajia mgeni jina la mtoto aliyezikwa kabla mama hajazaliwa. Babu yupo. Lakini Ijumaa ile hakuja, na mama alivaa nguo za Babu, akasema ya kwake mwenyewe. Kinachonichoma ni kwamba sijui ni Ijumaa ngapi nyingine hakuja. Sijui ni yupi kati ya Babu na mama aliyeninyima ukunga. Nimemchukia marehemu miaka yote hii, na huenda hakuwahi kunikosea lolote.

"Watu wanangoja," mama alisema hatimaye, bila kunitazama. "Washa ubani."

Niliwasha. Mikono ilikuwa imeizoea kazi, haikuningoja niamue. Mama alijipaka udongo upya, akajifunika shuka, akatetemeka, akapiga miayo miwili. Ile sauti ya pumu ikatoka chini ya shuka: "Hujambo, mjukuu wangu?"

Kumtazama mfalme machoni ni mwiko. Mshika bakora hupiga magoti, huinamisha kichwa na kuitikia. Nilipiga magoti, nikamkabidhi bakora, kisha nikainua uso nikamkazia macho.

"Sijambo," nilisema. "Wewe ni nani?"

Nilingoja angurume. Nilimwomba moyoni angurume, anilaani, anipige hata na bakora, ili nijue kwamba ni yeye.

Macho yale yaliinama kwanza.

Nikasimama, nikamwita mgonjwa wa kwanza aingie, nami nikatoka kwa mlango uleule, bakora nikamwachia mama.