Maji Yaliyokataa Shikamoo Yangu

Usingizi wa kuamkia leo ulinipeleka kazini. Nipo kwenye maabara yetu ya maji, na maji ya visima vyote yamekaa kwenye benchi, yameshika vyeti vya kuzaliwa.

Yanaingia ya kisima cha Engarumi. Yanavuta kiti, yanaketi.

"Shikamoo," nasema, maana kazi yetu ni kupima umri wa maji, na haya ni mazee hasa.

Hayaitikii. "Uliniandika umri gani?"

Nafungua faili. "Hujatimiza mwaka."

"Ala! Nina miaka elfu nane. Nilinyesha juu kabisa mlimani, nikazama kwenye mawe ya volkano, yakanilisha floridi mpaka basi. Ile inayotia meno rangi ya kutu na kupinda miguu ya watoto. Humo failini nina floridi?"

"Huna."

"Basi ulimpima nani?"

Naifunga faili. Siku ile niliyokwenda kujaza chupa, dizeli ya pampu ilikuwa imeisha, dereva anapiga honi, nami nimechoka. Sheria ni kuendesha pampu saa nzima, yaliyolala bombani yamwagike, ndipo ujaze chupa. Mimi nilikinga kwenye simtanki la shule, hapo hapo kando. Nikajisemea, kwani si maji tu?

"Ulinipima mimi," inasema sauti kutoka kabatini. Ni mvua ya Aprili. "Nilitoka kwenye paa la shule. Na jani la mjakaranda nililoshuka nalo ukalifungia humu humu chupani."

Sasa maabara ni shimo la kisima. Niko mita mia chini, nimezungukwa na mawe meusi yenye adabu zao.

"Sisi kazi yetu ni kutoa tulicho nacho," jiwe moja linaniambia. "Tulidhani ya kwenu ni kupima."

Juu anachota Mama Nasiaeli, yule anayetupikia chai kila tukienda Engarumi. Mjukuu wake Ndeshi amesimama naye, miguu imepinda, magoti yanagongana.

"Kunywa, mjukuu wangu. Karatasi ya mtaalamu ile pale pampuni, inasema ni safi."

"Mama, usimpe!" napiga kelele. Sauti yangu inapanda, inapanda, inafika juu ikiwa ndoo iliyojaa.

"Asante, baba," anasema Mama Nasiaeli, anaipokea.

Nikaamka. Jua limeshatoka, mke wangu anachuja chai. Sikunawa hata uso, nikaenda maabara. Chupa ya akiba ya maji ya Engarumi ilikuwa kabatini, kifuniko kimefungwa kwa utepe wenye sahihi yangu. Miaka mitatu hakuna aliyeigusa.

Maji ya chini ya mwamba hayana majani. Nikaiinua dirishani.

Jani la mjakaranda, dogo kama ukucha wa mtoto, likapanda taratibu likatulia chini ya kifuniko.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilipotia sahihi ile, Ndeshi alikuwa bado hajaanza kutembea.