Kipindi cha Walimu kwa Benedeta

"Vuteni miguu, mwalimu apite," alisema Benedeta, na wanaume sita wakavuta miguu bila kutoa mirija mdomoni.

Selpher aliinama mlangoni, akapita kati ya magoti yao hadi kwenye kigoda kilichokuwa karibu na redio. Katikati ya nyumba kilikaa chungu cha malwa, pombe ya wimbi, povu lake likipumua taratibu. Benedeta akamkabidhi mrija. Kwa desturi ya nyumba hiyo hakuna anayekaa kwenye chungu mikono mitupu. Asiye na mrija ni mpelelezi. Selpher aliupokea kama alivyofanya kila Alhamisi, akaulaza mapajani, mkavu.

"Leo tunafundishwa nini, ticha?" aliuliza Oundo, mchuuzi wa mbuzi kutoka Bulumbi, mtu wa sauti kubwa aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka.

"Hesabu. Kutoa."

"Kutoa mimi siwezi. Najua kuongeza tu," alisema, akimtazama Benedeta aliyeshika birika la maji ya moto. Watu wakacheka. Benedeta akamimina maji chunguni.

Selpher alifundisha darasa la pili katika shule ya kanisa, upande wa Kenya, na hakuwa amesomea ualimu. Mwaka huo wa 1969, walimu kama yeye walikuwa wameambiwa wafanye mtihani wa cheti. Atakayeanguka, aache chaki. Masomo yalitoka Nairobi kwa redio, jioni, kwa sauti ya mama mmoja aliyesema polepole kama anayepepeta nafaka. Shule ilikuwa na redio. Wazazi walichanga mahindi na kuku ikanunuliwa. Lakini ilikaa sebuleni kwa mwalimu mkuu, Osborn, chini ya kitambaa alichofuma mkewe, na kila Selpher alipoiomba, Osborn alimjibu, "Kesho kutwa utaolewa. Hicho cheti utakisongea ugali?"

Ndipo akaanza kuvuka mpaka hadi kwa Benedeta, muuza pombe mwenye redio.

"Mtoto akikosa jibu," redio ikasema, "weka kiboko chini, mwalimu. Mwulize amefikiri vipi. Hebu jaribu sasa na yeyote aliye karibu nawe."

Aliye karibu alikuwa Oundo.

"Baba, una mbuzi kumi na wawili. Umeuza watano. Wamebaki wangapi?"

"Sita."

"Saba, wewe!" wenzake wakapiga kelele. "Ndiyo maana hutajiriki!"

Mkono wa Selpher ulikuwa umekwisha kuinua mrija juu kama fimbo. Akaushusha.

"Umefikiri vipi?"

"Mimi nauza mbuzi tano, si ndiyo? Wenye kununua natoka mbali, huko Mukuju. Nakuja kwangu na njaa. Nawapa nini, maji? Nachinja moja. Sita."

Hakuna aliyecheka. Wawili walitikisa vichwa kukubali. Selpher alimkumbuka Dorcas wa dawati la mbele, ambaye jibu lake halikuwahi kulingana na la ubaoni, wala hakuna aliyewahi kumwuliza lilitoka wapi. Akaandika haraka, kabla wazo halijampotea.

Nyumba ikaingia giza. Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Maloba, mwenyekiti wa kamati ya shule, kofia mkononi, na nyuma yake Osborn. Hawakuvuka kizingiti.

"Kumbe ni kweli," alisema Maloba. "Binti wa kwaya, kwenye chungu."

"Karibu ndani, mzee." Benedeta alikuwa amekwisha kuchomoa mrija mwingine darini.

"Koma, mama. Selpher, toka nje."

"Kipindi hakijaisha, mzee."

"Mwalimu wa watoto wetu anashika mrija wa pombe!"

Selpher akamnyooshea mrija. "Ushike, uone kama umelowa."

Maloba hakuushika.

"Niko hapa kwa sababu redio iko hapa," Selpher akasema. "Ile ya shule iko wapi, mwalimu mkuu?"

Osborn akatazama viatu vyake. "Ile inatunzwa. Mali ya shule haiachwi ovyo."

"Inatunzwa kwa kusikilizia mpira," mtu mmoja akasema kutoka chunguni, na kicheko kikazunguka.

Maloba hakucheka. "Habari ya redio ni neno lingine. Nasema hivi: ukibaki kwenye hicho kigoda, kesho usikanyage shule."

Selpher akaurudisha mrija mapajani. Tangu utoto wake alikuwa akisimama kila mzee huyu aliposema, kanisani, barazani, hata sokoni penye watu wa kila namna. Miguu ilitaka kusimama yenyewe. Akaikatalia.

"Kesho nitakuja, mzee. Nitaandika tarehe ubaoni kama kawaida. Ukitaka kunitoa, nitoe mbele ya watoto, na uwaeleze ulivyofikiri."

"Unasemaje?"

"Umenisikia."

"Sasa, walimu, shikeni kalamu," redio ikasema. "Swali hili mtakutana nalo..." Sauti ikaanza kuzama, ikawa ya nyuki ndani ya debe. Benedeta akaipiga kofi. Ikakohoa, ikazama tena.

"Mawe ya redio yamekwisha," alisema Osborn, akitabasamu kwa mara ya kwanza.

Oundo akatia mkono kwenye koti, akatoa tochi, akafungua kitako chake.

"We Oundo, utarudije Bulumbi na hilo giza?" Benedeta akauliza.

"Njia nanijua mimi. Weka."

Benedeta akang'oa mawe mawili yaliyochoka zaidi, akapachika betri za tochi. Sauti ya mama wa Nairobi ikarudi, kubwa, katikati ya sentensi. Wanaume wakatoa mirija midomoni ili kufyonza pombe kusiwe kelele.

"Mzee," alisema Selpher bila kuinua kichwa, "ingia au toka mlangoni. Sioni ninachoandika."

Maloba hakuingia, wala hakutoka. Kivuli chake kilibaki kimelala juu ya ukurasa. Kati ya bega lake na nguzo ya mlango palipenya ukanda mwembamba wa jua la jioni, ukaangukia sakafu ya udongo. Selpher akasogeza kigoda, akaweka goti ndani ya mwanga huo, na juu ya goti karatasi, akaanza kuandika.