Uyoga Kando ya Konokono

Wanafunzi wadogo hujisahau wakamwita mwalimu "mama", darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu wa sayansi aliitwa hivyo karibu kila wiki, na watoto wa watu. Asiyejisahau hata siku moja ni binti wa mumewe, aliyekaa dawati la pili. Kwake alikuwa Mwalimu shuleni, Mwalimu nyumbani, Mwalimu hata tumbo likimsokota usiku. Mama mzazi wa binti alikwisha kufariki, na kupendwa hakulazimishwi. Lakini iliuma, tusidanganyane.

Siku moja Mwalimu alimwaga mezani vitu wanafunzi walivyookota nyuma ya darasa: majani, konokono, sisimizi, uyoga.

"Vipangeni makundi. Msitazame sura tu, tazameni kila kimoja kinaishije."

Konokono na sisimizi wakaenda kwa wanyama, majani kwa mimea. Uyoga ukamwangukia binti. Akaugeuzageuza, akauweka peke yake pembeni.

"We nawe," alisema mvulana waliyembandika jina la Domo, kwa kuwa hakuna asilolijua. "Si umeota ardhini? Mmea huo, hata bibi yangu anajua."

"Hauna kijani," binti akajibu kwa sauti ndogo. "Mmea unajipikia chakula kwa jua. Huu utapikia nini?"

Mwalimu alijikuta anatabasamu. "Kasema kweli. Uyoga hula vilivyooza, una kundi lake, la kuvu. Tena wataalamu wamechunguza mpaka ndani kabisa, wakakuta undugu wake uko karibu zaidi na wanyama kuliko mimea."

"Undugu gani huo?" Domo akaguna. "Hata hawafanani."

"Ndugu wangapi hawafanani, baba? Na bado ni ndugu."

 Binti akauchukua uyoga wake, akausogeza mpaka kando ya konokono.

"Niuache hapa, mama?"

Darasa likacheka. "Kajisahau huyo!" Domo akapiga dawati.

Mwalimu aligeukia ubao haraka, akajifanya anatafuta chaki, ili mtoto wa watu asiaibike. Alijua kujisahau ni kujisahau tu, asije akajipa matumaini bure.

"Sijajisahau," binti alisema nyuma yake. "Ni mama yangu. Nimeuliza, niuache hapa?"

"Uache hapo hapo, mwanangu," akajibu, bado anatafuta chaki, na chaki alikuwa nayo mkononi.