Goti la Mama Leila

Tiya alikuwa na matege tangu utotoni, lakini sasa goti la kulia lilikuwa limelika upande wa ndani, hata akisimama kuuza maziwa ya ngamia pale sokoni Isiolo alikuwa akiuma ncha ya mtandio ili asilie mbele ya wateja. Daktari alimweleza taratibu: atakata mfupa chini ya goti, aunyooshe mguu na kuufunga kwa chuma, ili uzito uhamie upande ambao bado ni mzima. Akichelewa, upande huo nao utalika, na upasuaji huo hautamfaa tena.

Tiya alikubali papo hapo. Mumewe, Galgalo, alinyamaza, na kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Siku chache kabla ya upasuaji, mshindo ukaja. Galgalo alimleta nyumbani mzee wa kuchoma, anayetibu maumivu kwa kuunguza ngozi, chuma chake tayari chekundu. "Kidogo tu, Mama Leila," Galgalo alimbembeleza mkewe. " Hii ikishika, hakuna haja ya kisu." Tiya, masikini, akanyoosha mguu ili kumridhisha.

Hospitalini daktari alifunua goti, akakuta vidonda vibichi. Akashusha pumzi. "Mama, hapa siwezi kupasua. Uchafu utaingia kwenye mfupa. Tungoje vipone, tuombe na goti litungoje."

Walipotoka nje Tiya alimgeukia mumewe kwa hasira. "Baba Leila, umenifanyia nini? Si ungesema tu hutaki!"

Galgalo hakupandisha sauti. "Ngamia yangu ikivunjika mguu, mimi nafanya nini? Nachinja. Sasa huyu daktari anasema atakata mfupa yako, na mimi niseme sawa?" Macho yakamjaa machozi, watu wakiona. "Wallahi niliogopa."

Hasira ya Tiya ikakosa pa kukaa. Alikuwa amejiandaa kugombana na mkaidi, si kumfuta mumewe machozi.

Vidonda vilipona. Goti nalo, alhamdulillahi, lilikuwa limengoja. Asubuhi ya upasuaji, Tiya akisukumwa juu ya kitanda cha magurudumu, Galgalo alishika chuma cha kitanda, akamsimamisha daktari mlangoni.

"Kata," alisema. "Lakini akitoka hapa hawezi kutembea, usiniambie pole. Niite tu, nikuje nimbebe."

Kisha akaachilia kitanda.